Kunasa SIGSEGV hakuokoi kazi ya mtumiaji

Ndugu, umeuliza kama kihariri chako cha maandishi kwenye Linux kinaweza kunasa ishara ya SIGSEGV, ambayo mfumo huitumia programu inapogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, kisha kikaendelea na kazi, ili mtumiaji asipoteze alichoandika. Nakushauri usifanye hivyo. Kishughulikiaji, yaani kitendaji kinachoitwa ishara inapofika, kikirejea tu, prosesa huirudia amri ileile iliyogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na ishara hutolewa tena. Ukiruka kwa siglongjmp hadi sehemu nyingine ya programu, unaendelea na kumbukumbu ambayo huenda imekwisha kuharibika, pengine malloc, inayogawa kumbukumbu, ikiwa bado imeshikilia kufuli yake, na baya zaidi unaweza kuhifadhi data mbovu juu ya faili lililokuwa zima.

Ndani ya kishughulikiaji tumia miito iliyo salama kuitwa humo kama write, kamwe si printf wala malloc, na utenge staki (kumbukumbu inayotumiwa na vitendaji vinapoitwa) ya pembeni kwa sigaltstack, kwa sababu staki kuu ikijaa hakuna pa kukiendeshea kishughulikiaji. Kisha rejesha mwitikio wa kawaida wa ishara na uiache programu ife, ili ipatikane nakala ya kumbukumbu ya kuchunguza kwa gdb, zana ya kutafuta hitilafu.

Kazi ya mtumiaji iokolewe mapema: kwa mfano kihariri cha Vim, kwa mipangilio yake ya awali, huandika faili lake la akiba kila baada ya herufi 200, au kibodi ikikaa sekunde 4 bila kuguswa.