Barua kwa mwanangu: daktari akisema upungue kwanza ndipo akupasue

Mwanangu,

Salamu kutoka hapa Lindi. Unasema daktari ameiona ile ngiri iliyotokeza kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, akakupandisha kwenye mizani, akakwambia upungue kwanza. Unauliza ukubali, au utafute hospitali nyingine.

Jua kwanza anachokiogopa. Ngiri ya kovu ni ukuta wa tumbo uliofumuka pale uliposhonwa. Kuuziba, hushona na mara nyingi huweka wavu laini wa plastiki. Sasa mafuta yaliyo ndani ya tumbo, si yale unayoyashika kwa vidole, huusukuma ukuta huo mchana na usiku, na mshono mpya utakaa chini ya msukumo uleule. Ndiyo maana ngiri ya mtu mnene hurudi zaidi, na kuishona mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Tena mafuta ya chini ya ngozi hupata damu kidogo, kwa hiyo kidonda hujaa maji au hutunga usaha kwa urahisi. Usaha ukiufikia wavu, huenda wavu wenyewe ukalazimika kutolewa. Mtaalamu wa usingizi naye ana lake: ukilala chali tumbo hubana mapafu, na oksijeni hushuka haraka. Kama unakoroma sana na unaamka umechoka, mwambie hata asipouliza.

Kwa hiyo maoni ya pili katafute, hata kwa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Ila usimtafute wa kukukubalia haraka bila kukupima.

Ninachokutaka ukidai ni namba. "Kapungue" si jibu, ni kukufukuza kwa adabu. Muulize: nifike kilo ngapi? Nirudi tarehe gani? Kuna kingine kinachonizuia, sukari, presha, upungufu wa damu? Aandike kwenye karatasi yako. Wewe ni kilo 104 na urefu wa mita 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60 upate 2.56, kisha gawa 104 kwa 2.56: ni 40.6. Hiyo ndiyo wanayoiita BMI, uzito wako ukilinganishwa na urefu wako. Ngiri isiyo ya dharura, wapasuaji wengi husita BMI ikivuka 35, na ikifika 40 wengi husema ngoja. Akikupa 35, maana yake ni kilo 89.6, yaani utoe kama kilo 14 na nusu. Kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ni miezi mitatu na nusu hadi saba. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kutoka chooni, mizani ileile. Ukijipima kila siku maji ya mwilini yatakudanganya.

Chakula cha kwetu hakina ubaya, ubaya uko kwenye vipimo. Korosho ndizo zinazokuponza, nakujua. Kikombe kimoja cha korosho zilizobanguliwa kina kilokalori zaidi ya 700, karibu sawa na ugali wa gramu 200 za unga, na unakimaliza ukipiga soga kabla chakula hakijaiva. Hesabu punje 15, funga mfuko. Mboga upikie tui jepesi, tui zito liache. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kilokalori 120, basi pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Chai ya vijiko vidogo vinne vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ni kilokalori 250 na ushee zisizokushibisha. Mbaazi, kunde, kisamvu, samaki wa kuchoma na pweza visikose, kwa sababu utahitaji nyama ya mwili ya kuponya kidonda. Zile chai za kupunguza unene ziache: nyingi zinaharisha tu, unapoteza maji na chumvi, na mafuta yanabaki palepale.

Tembea dakika 30 kwa siku. Mazoezi ya kulala chali na kuinuka usifanye kabisa, yanatanua tundu. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, usiibebe. Tumia kidumu cha lita 5. Mkanda wa tumbo uvae ukiwa umelala, ngiri ikiwa imerudi ndani. Ukiuvaa umesimama unaibania nje. Ukikohoa, kandamiza mto juu ya kovu. Kikohozi kikizidi wiki mbili kapime kifua kikuu. Choo kigumu nacho kinasukuma, kwa hiyo maji na mboga za majani kila siku.

Na ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Zungumza kliniki wakubadilishie njia, lakini usiiache hivi hivi, maana mimba sasa hivi itaikuza ngiri na kuharibu hesabu yote.

Kuna siku uzito hauulizwi. Ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu na yenye maumivu makali, ngozi ikabadilika rangi, ukatapika au ukashindwa kutoa hewa na choo, utumbo umebanwa. Usiisukume kwa nguvu, usile wala usinywe, nenda hapo hapo hata iwe saa nane usiku. Kwako Masasi hospitali iliyo karibu ni Mkomaindo. Hapo kinachopimwa ni masaa, si kilo.

Shangazi zako wakisema "we kula kidogo tu", waitikie na uendelee na kijiko chako.

Ukipata ile karatasi ya daktari ipige picha unitumie, nione amekuandikia kilo ngapi. Wajukuu wasalimie.

Mama yako