Nikipotea Njia na Wageni wa Mkurugenzi Katika Theluji, Niwaambie?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya kazi katika nchi yenye majira ya baridi kali, na mara kwa mara hupewa jukumu la kuwapokea wageni wa mkurugenzi wetu na kuwapeleka mkutanoni kwa gari. Msimu uliopita nilikosea kona huku theluji ikianguka, nikaendelea kuendesha nikijifanya najua niendako, hadi mgeni mmoja aliponiuliza kwa upole kama pale hatukuwa tumeshapita. Tulifika mkutano umeshaanza. Sasa wanakuja wengine. Je, nikipotea tena niwaambie, au nitafute njia kimyakimya ili nisiiaibishe ofisi?

JIBU: Ndugu msomaji, waambie, tena mapema. Mgeni aliyeketi kiti cha nyuma huona mengi kuliko tunavyodhani: anaona unavyopunguza mwendo kwenye kila kibao, anakusikia ukiguna, na saa anayo mkononi. Kukosea kona atakusamehe; kuzungushwa bila kuambiwa neno ni vigumu kusamehe. Sema tu, “Samahani waheshimiwa, nimeipita njia yetu, nitasimama mahali salama niangalie ramani, kisha nimpigie simu mwenyeji wetu.” Mwenyeji apigiwe kabla saa ya mkutano haijafika, na apigiwe gari likiwa limesimama.

Nasisitiza hivyo kwa sababu dereva anayeficha kosa huanza kufidia muda kwa mwendo, na hapo ndipo hatari ilipo. Juu ya barafu, gari linaweza kuhitaji umbali unaofikia mara 10 ya ule wa lami kavu ili lisimame. Jotoridi linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, barafu huwa na utelezi wa kupindukia, na utando mwembamba wake juu ya lami hufanana na majimaji tu. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa kuwa hupigwa na baridi juu na chini. Kwa hiyo usigeuze gari ghafla wala usirudi nyuma kwenye barabara nyembamba, kwani theluji hufunika mtaro ukauona kama ukingo wa kawaida. Endelea taratibu hadi kituo cha mafuta au makutano yaliyokwisha kusafishwa.

Ramani ya simu nayo usiiamini mno. Inaweza kukuchagulia njia ya mkato ambayo gari la kusafisha theluji halijapita. Siku kama hiyo, barabara kuu ndefu ni bora. Pakua ramani ya eneo zima kabla ya safari, kwa sababu simu huweza kupokea mawimbi ya setilaiti pasipo mtandao, lakini picha ya ramani isipokuwa imehifadhiwa haitafunguka. Chaja ya gari isikosekane, maana baridi hudhoofisha betri.

Mkikwama kabisa, pigeni simu ya dharura na mbaki garini. Huenda mgeni mmoja, pengine mkubwa kuliko wote kwa cheo, akaona taa kwa mbali na kutaka kutembea kuzifuata. Mkatalie kwa heshima, kwani katika theluji inayovuma umbali hudanganya na nyayo hufutika upesi. Kabla ya kuwasha injini ili mpate joto, shuka uondoe theluji kwenye bomba la kutolea moshi, ukague kila mara, na uache dirisha wazi kidogo upande usiopigwa na upepo. Bomba likiziba, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa gari, hurudi ndani, na gesi hiyo haina rangi wala harufu ya kukushtua. Dakika 10 hivi za injini kwa kila saa zinatosha, na mafuta yatadumu. Kwenye buti la gari weka blanketi, maji na koleo la kuzolea theluji, maana wageni wa mikutano huja na viatu vya ukumbini.

Kuhusu mkurugenzi wako, zungumza naye kabla wageni hawajafika, mkubaliane kwamba siku ya theluji saa ya kuondoka utaipanga wewe unayeshika usukani, na kwamba mamlaka zikiwataka watu wasisafiri, mkutano utafanyika kwa njia ya video au utaahirishwa.