Mama Katibu Anajibu: "Nina Dogo Tu, Mwenyekiti"

Shikamoo Mama Katibu. Kikao chetu cha idara cha kila Jumatatu kimepangiwa dakika sitini. Tunaingia saa tatu, tunatoka saa sita. Ajenda ni tano tu. Tunakosea wapi? (Mhasibu, Morogoro)

Marahaba. Ngoja nibahatishe hizo tano: kufungua, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, "Magari", na mengineyo. Sijakosea sana, eti?

Ajenda iliyoandikwa "Magari" haina mwisho. Huyu ataleta habari ya matairi, yule ya dereva anayechelewa, wa tatu atakumbuka ajali ya mwaka juzi. Andika swali: "Tuuze pikapu ya zamani au tuifanyie matengenezo?" Likishajibiwa, mwenyekiti ana sababu ya kusonga mbele. Wanaokuja na bei ya fundi waambiwe mapema, wasianze kupiga simu gereji mbele ya wajumbe.

Halafu mengineyo. Hapo ndipo saa zenu mbili zinapozama. Nimewahi kuandika kumbukumbu za kikao ambamo mjumbe alisema "nina dogo tu, mwenyekiti", chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwenye lake alitaje mwanzoni, ajenda zinapopitishwa. Likiwa tangazo, sawa. Likihitaji fedha au uamuzi, liende kikao kijacho na maelezo yake kwenye karatasi. Watanuna wiki mbili za kwanza.

Nikiuliza "kuna maoni?" wote kimya. Wakitoka, chini ya mwembe wana maoni tele. (Meneja, Mwanza)

Bila shaka wewe ndiye unayeanza kusema. Bosi akishatamka "mimi naona", nani tena ajitie kimbelembele? Kwetu kumpinga mkubwa hadharani ni utovu wa adabu, na cheo cha meneja hakiifuti desturi hiyo. Basi sema mwisho. Anza na mdogo kuliko wote, lakini umdokeze jana yake, maana kumshtukiza ni kumwadhibu. Na swali lako libadilike: uliza "nini kitatukwamisha hapa?" Kutaja kikwazo si kumpinga mtu, kwa hiyo ndimi hulegea.

Tuliandikiana "mtandaoni saa 3:00" na wenzetu wa Bujumbura. Sisi tuliingia asubuhi, wao mchana. (Ofisa miradi, Dar es Salaam)

Pole. Kuna aliyehesabu Kiswahili, kuna aliyehesabu kizungu. Tena Bujumbura iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Andika yote: "saa 9:00 alasiri Dar (15:00), saa 8:00 mchana Bujumbura (14:00)".

Tunatoka kazini saa kumi na nusu, bosi anaita kikao saa kumi na moja. Ni halali? (Fundi, Arusha)

Kikao ni kazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni muda wa ziada, unaotaka makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Mameneja wa juu hawamo kwenye kanuni hiyo. Ila usianze na sheria mkononi. Mwombeni kwanza asogeze kikao hadi saa tisa. Wengi huita jioni kwa sababu tu ndipo simu zao zinaponyamaza.

Mama, kwenye kumbukumbu niandike kila kinachosemwa? (Karani mpya, Tanga)

Hapana mwanangu. Uamuzi, mhusika, tarehe. "Ilikubaliwa suala lifuatiliwe" ni sentensi niliyoiandika mara nyingi nikiwa kijana, na sikuona hata suala moja likifuatiliwa. Likipita bila jina, nyosha mkono uulize: "Mwenyekiti, niandike nani?" Zisambaze siku hiyohiyo. Mjumbe akilalamika kwamba hotuba yake haimo, mwambie Mama Katibu ndiye aliyeikata.