Reli ya Modeli Uani: Nianze na Nini?

SWALI: Mambo wahariri, nataka kujenga reli ya modeli, ile kubwa ya nje. Uani nina kama mita 6 kwa 4, na mke wangu amekubali bora nisiguse sukuma zake. Ninunue nini kwanza? – Msomaji, Ruai

JIBU: Usinunue kitu bado bro, chukua kamba na vigingi uchore njia hapo chini, juu kona ndio itakuamulia kila kitu. Reli za skeli ya G, ile saizi kubwa ya modeli za nje, zina upana wa milimita 45 kati ya chuma na chuma na kona ndogo ya kawaida ina nusu kipenyo cha sentimita 60, injini fupi inapita poa lakini ndefu itakusumbua, so kama nafasi iko nenda mita 1.2, duara zima linakula mita 2.4 na kwako linaingia bila kugusa sukuma. Mlima usizidi sentimita 2 kwa kila mita. Halafu mvua ya Aprili, hapo ndio kazi iko: chimba kidogo, jaza kokoto maji yapite, ama udongo mweusi utavimba na kupindisha reli yote.

Kitu tamu ni kwamba kwa 1:22.5, yaani modeli ikiwa ndogo mara 22.5 kuliko treni halisi, hizo milimita 45 ni kama reli ya upana wa mita moja, ileile ya kutoka Mombasa iliyofika Nairobi 1899, sio SGR. Pitia Makumbusho ya Reli Nairobi uone Garratt 5918 Mount Gelai, ile injini ndefu ya mvuke, lakini tafadhali usianze nayo, kwa skeli hiyo ingekuwa na urefu wa karibu mita 1.4!