Mafuta ya Kupaka Yanayohimili Joto la Pwani

Dada mmoja wa Malindi ameniandikia akiwa amevunjika moyo. Alitengeneza mafuta ya kupaka kwa shea bata (siagi ya kokwa za mti wa shea), mafuta ya nazi na mafuta ya lozi, akayapiga kwa mashine mpaka yakafura meupe kama povu, akajaza makopo na kumtumia mteja wake Lamu. Basi hadi Mokowe, kisha boti. Mteja alipofungua alikuta nusu kopo la mafuta ya majimaji yenye chengachenga chini, akadai pesa zake.

Dada yangu, shea bata yako haikuwa feki. Kilichokuponza ni vipimo vya watu wa nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na msimu wa kaskazi huku kwetu hata usiku joto ni kubwa kuliko hapo. Shea bata nayo hulegea kabisa karibu na nyuzi 35, na buti ya basi saa saba mchana hupita hapo. Mafuta yakiyeyuka, hewa uliyoipiga ndani hutoka, ndiyo maana kopo lililojaa hushuka nusu. Mteja hakupunjwa hata gramu moja, lakini macho yake yanamwambia amepunjwa, na hilo hulifuti kwa maneno.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, na nitalirudia: acha kupiga povu, tia nta ya nyuki. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ndiyo inayoyashika mafuta mengine yasimwagike. Kakao bata, yaani siagi ya mbegu za kakao, husaidia ugumu, ila peke yake haitoshi kwa sababu nayo huyeyuka kati ya nyuzi 34 na 38.

Kwa gramu 200 pima hivi: shea bata gramu 80, kakao bata 40, mafuta ya nazi 30, mafuta ya simsim 30, nta 16, vitamini E gramu 2, mafuta ya harufu yasiyozidi gramu 2. Msimu wa kaskazi panda hadi gramu 20 za nta na upunguze simsim ziwe 26. Kusi ikivuma na hali ikipoa, gramu 12 za nta zinatosha, na simsim ziwe 34. Simsim iwe ile iliyokamuliwa bila kukaangwa, maana ya kukaangwa itamnukisha mteja jikoni. Mafuta ya mbuyu au ya mlonge yanaweza kuchukua nafasi yake kwa kipimo hichohicho. Na pima kwa mizani ya gramu. Kijiko cha nta iliyoparwa na kijiko cha nta ya mabonge si kitu kimoja, na hapo ndipo wengi hupata kopo gumu leo na laini kesho.

Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota polepole. Anza na nta pamoja na mafuta ya simsim. Ikiyeyuka yote, tia kakao bata, kisha nazi, shea iwe ya mwisho. Hakikisha hakuna punje iliyobaki. Chota tone kwa kijiko kilichotoka kwenye friji, lisubiri ligande, kisha lisugue mkononi. Likiwa gumu ongeza simsim kidogo, likiwa laini ongeza nta gramu mojamoja. Kosa la hapa hurekebishika. La ndani ya kopo ni shughuli.

Sasa zile chengachenga. Shea ina mafuta ya aina kadhaa ndani yake, mengine magumu, mengine laini. Ikipoa polepole, yale magumu hutangulia kuganda peke yake na kufanya punje. Haijaharibika, na punje huyeyuka ukipaka, lakini mteja hataki maelezo. Dawa yake ni kupoza haraka: toa bakuli motoni, liweke kwenye beseni la maji ya barafu, koroga bila kuacha huku ukikwangua pembeni, kwa kuwa nta hutangulia kugandia ukutani mwa bakuli. Yakianza kupoteza ung'avu na bado yanamiminika, tia vitamini E na harufu, koroga, mimina. Shea ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Ukiitumia, ongeza nta gramu 2 au 3 na upunguze shea kwa kiasi hicho.

Nta si lazima uagize mbali. Wafugaji nyuki wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke wanayo, na upande wa Lamu watu wa jamii ya Waboni ni warina asali tangu na tangu. Nta ghafi ina takataka, basi iyeyushe ndani ya maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu, kisha kwangua uchafu ulioshika chini. Iyeyushe tena bila maji mpaka viputo viishe.

Hapo kwenye maji simama nami kidogo, kwa kuwa ndipo bidhaa nyingi za nyumbani zinapofia. Mafuta yasiyo na tone la maji hayahitaji dawa ya kuzuia vijidudu. Ukitia marashi ya waridi, jeli ya mshubiri au tui, umeufungulia mlango ukungu. Vitamini E haizuii ukungu. Huchelewesha mafuta kuchacha tu. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani kwa tui mara nyingi bado yana maji: yapashe kwa moto mdogo mpaka yaache kutatarika, ndipo uchuje. Makopo yawe makavu kabisa, na usifunike mafuta yakiwa na joto, maana unyevu wa hewa yetu utajikusanya chini ya kifuniko.

Singo, ule unga wa manukato anaosuguliwa bibi harusi mwilini, nayo ni hivyohivyo. Liwa, dalia, karafuu na maua yaliyokaushwa uza yakiwa unga mkavu, bibi harusi achanganye na marashi siku ya kujisinga. Singo mbichi iliyokaa kwenye kopo wiki nzima msimpake mtu.

Harufu isizidi asilimia 1. Mafuta ya karafuu ni makali, yasipite gramu 1 katika hizo 200. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda usitie kabisa: ngozi ikipigwa na jua baada ya kuyapaka inaweza kuungua na kubaki na madoa, na jua letu mnalijua. Mwambie mteja ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, asubiri siku nzima. Usimwambie yanatibu ukurutu wala yanakinga jua. Hayo ni madai ya dawa, na huna uthibitisho. Ukitaka kuingia madukani, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, mapema, kabla hujachapisha lebo.

Makopo yaliyofunguliwa na mteja, dada, usiyauze tena. Yale ambayo hayajafunguliwa, yayeyushe yote kwa pamoja, tia gramu 17 za nta kwa kila gramu 200, yapoze kwenye barafu kama nilivyoeleza. Kisha kopo moja liache ndani ya debe lililofungwa, juani, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Likilainika bila kumwagika, mtumie mteja wako kwa basi la usiku, na uandike gramu kwenye lebo.