Ukisikia "gereji tu"

Meseji za maswali ya ufundi wa magari zimejaa tena. Nimechagua nane. Zile za "fundi nitumie namba ya VETA", vile vyuo vya serikali vya ufundi stadi, sijazigusa kabisa. VETA Mbeya haijajificha, VETA Iringa haijajificha, na fundi asiyeweza kutafuta chuo sijui atatafutaje hitilafu ya umeme kwenye gari.

Shikamoo fundi. Nimemaliza kidato cha nne nikapata ziro. Nyumbani wanasema niende gereji tu. Nianzie wapi? (Uyole)

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hilo neno "tu" lifute, na ukirudi nyumbani umwambie na mzee naye alifute.

Miaka nenda rudi mtoto akifeli anapelekwa gereji, na matokeo yake tunayaendesha barabarani. Chukua themostati. Gari likichemsha, fundi wa "gereji tu" anaichomoa na kuitupa, anamwambia mwenye gari kwamba huku kwetu haina kazi, ni ya nchi za baridi. Huku! Mbeya, ambako mwezi wa saba ukigusa bomba la maji alfajiri unarudisha mkono haraka! Kazi ya kile kidude ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Za magari mengi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenye gari analalamika IST inakunywa kama Fuso. Na rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo iliyokuwa mgonjwa, bado imeziba.

Huyo fundi hakukosa nguvu wala spana. Alikosa kujua kitu kinafanya kazi gani kabla ya kukitupa.

Sasa swali lako. Ziro haikufungii ufundi stadi. Kozi ndefu inakwenda kwa ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, yaani NVA 1, 2 na 3, na masomo huanza Januari. Maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ukishtuka Desemba umechelewa. Usiishie ngazi ya 1 ukajiita fundi. Hapo umejifunza majina ya vitu. Na ukirudia mtihani ukapata hata ufaulu wa chini wa kidato cha nne, NVA 3 inaweza kukufungulia mlango wa cheti na stashahada, kutegemea masharti ya chuo. Wakati unasubiri, nunua mita ya kupimia umeme, ile ya bei ndogo. Jifunze volti, ampea na omu kwa betri kuukuu na balbu. Fizikia uliyoikimbia darasani inakusubiri chini ya boneti.

Kuna chuo kinatangaza ufundi magari miezi mitatu na cheti juu. Ni kweli? (Mbalizi)

Swali hili nimelijibu mara ngapi? Miezi mitatu inatosha kujifunza kitu kimoja, tuseme kiyoyozi cha gari au kuboresha umeme kwa mtu ambaye tayari ni fundi. Kukutoa sifuri mpaka uishushe injini na kuirudisha ikaunguruma, haitoshi. Kabla hujatoa hata shilingi uliza mambo mawili. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi? Na karakana ina injini ngapi ambazo wanafunzi wanafungua kwa mikono yao? Ukioneshwa projekta na picha za injini ukutani, aga kwa adabu uondoke.

Fundi makanika analipwa shilingi ngapi kwa mwezi? (hakutaja alipo)

Wengi hawalipwi kwa mwezi, wanalipwa kwa kazi, na wateja wengi hulipa nusu na kuahidi nusu. Jifunze kuandika makadirio kwenye karatasi kabla hujagusa nati.

Nina miaka sita Mwanjelwa nikiwa saidia fundi, siku hizi nafunga injini mwenyewe. Kampuni imenikataa kwa sababu sina cheti. Nirudi darasani miaka mitatu nikiwa na mke na watoto? (Mwanjelwa)

Hapana kaka. Nenda VETA uulizie urasimishaji wa ujuzi, ule utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtathmini anakupima kwa kazi unayoifanya, pale ulipopungua unajazwa kwa mafunzo mafupi, kisha unapata cheti cha ngazi uliyofikia. Utaratibu huo umetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe, na nashangaa gereji nzima za Mwanjelwa hazijaenda.

Ila nikuonye. Wanaopungukiwa hapo mara nyingi hawapungukiwi kufungua na kufunga. Wanashindwa kueleza. Wakiulizwa kwa nini boliti za hedi zinafungwa kuanzia katikati kwenda nje, jibu ni "bosi wangu anafanya hivyo". Zinaanzia katikati ili hedi ikae sawa na gasketi isibanwe upande mmoja. Na kama miaka sita yote umekuwa ukikaza kwa mkono na kusikiliza "imekaza hii", tafuta mwenye toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, akufundishe kuitumia kabla mtathmini hajaja.

Kingine ambacho hukuuliza: una leseni? Nawajua mafundi wenye miaka kumi kazini wanaojaribu magari ya watu barabarani hawana hata daraja D. Siku ukimgonga mtu, usitegemee mwenye gari asimame upande wako.

Kati ya magari madogo na malori, hela iko wapi? (Mafinga)

Hela iko kwenye chombo ambacho kikisimama, mwenyewe halali. Noah ya mtu ikisimama, anapanda daladala. Lori la mzigo wa Zambia likisimama Makambako, tajiri anapiga simu kila nusu saa. Na wewe wa Mafinga umezungukwa na riziki. Mbao za Sao Hill hazitembei bila malori na mashine za kupasulia. Shuka Usangu, msimu wa mpunga pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mkono, zinalia kila mahali, na ile dizeli ya silinda moja ni shule nzuri kuliko injini yoyote ya kuanzia. Chunya kuna makarasha, mashine za wachimbaji za kusaga mawe ya dhahabu. Vijana wote wanang'ang'ania IST mjini halafu wanalalamika kazi hakuna.

Lakini ukiingia malori, sikiliza. Ukanda huu una miteremko ya Kitonga, Inyala na Iwambi, na kila mkazi wa Mbeya anajua huko kumezikwa watu wangapi. Breki za lori zikichemka kwenye mteremko, laini zake, yale mabamba yanayosugua ngoma ya breki, zinapoteza mshiko. Dereva anakanyaga na lori linakwenda. Akiwa ameitoa gia ili "asevu mafuta", injini nayo haimsaidii tena. Hilo ni la dereva. La fundi ni slaki zisizorekebishwa, vile vidude vinavyoweka sawa nafasi ya breki, na lile balaa la kuziba paipu ya breki ya tairi moja inayovuja "ili afike Tunduma kwanza". Tairi zilizobaki zinabeba kazi ya iliyozibwa, nazo zinachemka mapema zaidi.

Niliwahi kuziba. Mwaka wangu wa pili, bosi aliagiza, dereva alikuwa ana haraka, nami nikaziba. Lori lilifika. Usiku ule kila pikipiki iliyopita nje nilidhani ni mtu anakuja kuniita. Tangu hapo bosi akiagiza vile nilikuwa naweka spana chini, na mara moja nilifukuzwa kazi kwa hilo. Kazi nilipata nyingine.

Na tipa: usiingie chini ya bodi iliyoinuliwa bila kuiwekea nguzo, hata kwa dakika moja, hata ukiambiwa pampu ni mpya. Vilevile gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake bila stendi.

Fundi, mimi ni mama, binti yangu kapenda umakanika. Ndugu wanasema ni kazi ya nguvu, ataharibika. Unasemaje? (Tukuyu)

Mama, mpeleke. Injini hainyanyuliwi na mwanaume, inanyanyuliwa na winchi, na ukimwona anayeinyanyua kwa mgongo ujue atakuwa mteja wa daktari. Umeme wa magari, upimaji kwa kompyuta na pampu za nozeli vinataka utulivu na usafi wa mikono. Mtihani wake hautakuwa uzito, utakuwa midomo ya wenzake kwenye gereji. Kwa hiyo chuo kinapompangia mafunzo kwa vitendo, nenda mwenyewe ukaione hiyo gereji, umwone na bosi wake. Na umnunulie ovaroli inayomkaa. Ovaroli kubwa ikinaswa na mkanda wa injini inavuta mtu.

Kamwene fundi. Haibridi, haya magari ya petroli na umeme, zinazidi hapa Iringa. Nijifunze, au ni za kupita? (Ipogolo)

Kamwene. Si za kupita, jifunze, ila kwa hofu. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 230. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ni kama volti 200 za mkondo mnyoofu, na mfumo unaupandisha mpaka volti 500. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa, na rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Zima gari, ufunguo uweke mbali, toa plagi ya usalama, subiri dakika kumi kapasita zitulie, kisha pima kwa mita ndipo ushike. Glovu ziwe za volti 1,000 zisizo na tundu. Za kufulia hazihesabiki.

Na kabla hujamwambia mteja anunue betri mpya, tazama feni ya kupoza betri pale kwenye siti ya nyuma. Mara nyingi imejaa vumbi na nywele za mbwa. Ukiisafisha kwanza umemwokolea fedha nyingi, na atakuletea ndugu zake wote.

Gari langu linatoa moshi, tatizo nini? Jibu haraka. (namba imefichwa)

Gari gani? Petroli au dizeli? Moshi wa rangi gani, likiwa la baridi au la moto, ukipanda mlima au likiwa limesimama? Oili inapungua? Maji yanapungua? Hukuandika hata kimoja, halafu haraka. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe usiokwisha huku maji yanapungua, peleka wapime gasketi ya hedi leo hii. Mweupe wa alfajiri ya Julai unaopotea kabla hujafika Mafiati ni mvuke. Nenda kazini.