Zenia imeacha kufumba na kufumbua

Pole ndugu. Umesema zenia yako, yaani yale matumbawe laini ya tangi la maji ya chumvi, ilikuwa ikifumba na kufumbua minyiri yake vizuri, ukabadilisha maji na kuosha chujio siku hiyohiyo, tangu hapo imenywea. Mimi ningeanzia hapohapo.

Pima chumvi kwa refraktomita (kifaa kinachopima kwa jinsi mwanga unavyopinda majini), si kile kipimo cha plastiki chenye mshale. Changu kilinidanganya miezi miwili. Lenga 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), joto nyuzi 25 hivi. Ukikuta imepotoka, irekebishe taratibu kwa siku kadhaa. Kisha pima pH (kiwango cha asidi ya maji) asubuhi: ikiwa chini ya 8, fungua dirisha, maana chumba kilichofungwa hujaa kaboni dayoksaidi.

Halafu acha kuisugua tangi hadi ing'ae. Zenia hupenda maji yenye nitrati (kirutubisho kitokanacho na uchafu wa viumbe) kidogo, miligramu 5 hadi 10 kwa lita. Mwanga wa taa pia usiupunguze: zenia inalishwa hasa na mwani ulio mwilini mwake unaohitaji mwanga, na utafiti wa 2013 kuhusu jamaa yake wa Bahari ya Shamu ulionyesha kwamba kule kufumba huondoa oksijeni iliyozidi, mwani ukafanya kazi zaidi.

Ikipona, iweke kwenye jiwe la peke yake. Yangu ilitambaa mpaka kwenye kioo!

Ikianza kuyeyuka na kunuka, kata sehemu hiyo uitoe. Vaa glavu, hasa kama jiwe lina zoanthidi (viumbe vidogo jamaa wa matumbawe), kwani baadhi zina palitoksini, sumu kali. Jiwe la namna hiyo usilichemshe kamwe. Ukihisi ganzi au kifua kubana, nenda hospitali mara moja.